Ajira na Umaskini katika Historia ya Mkonge wa Tanga

Katika nchi zetu changa hakuna neno linalotajwa mara nyingi kuliko ajira. Serikali huahidi ajira, mwenye mtaji hupokewa kwa hesabu ya ajira atakazoleta, na kijana anayemaliza shule huulizwa na jamaa zake kama amekwisha kupata kazi kabla hajaulizwa amejifunza nini. Hatuoni ubaya katika hilo. Mtu asiye na kazi wala shamba amenyang'anywa sehemu ya utu wake. Lakini inatupasa kuuliza swali ambalo halipendwi: je, wingi wa ajira hufuta umaskini? Iko sehemu moja ya nchi yetu inayoweza kutujibu, kwa kuwa ililijaribu jambo hili kwa muda wa miaka sabini mfululizo. Sehemu hiyo ni Tanga, kuanzia Pangani hadi mpaka wa Kenya, pamoja na nchi inayofuata reli kupitia Muheza, Korogwe na Mombo.

Tanga haikukosa ajira. Tangu enzi za Mjerumani hadi karibu na Uhuru, kilio kikubwa cha wenye mashamba kilikuwa kwamba kazi ni nyingi na watu hawatoshi. Kama ajira ingekuwa ngazi ya kutosha ya kumtoa mtu katika umaskini, wajukuu wa manamba wangekuwa leo watu wenye neema kuliko wote Tanzania. Kila aliyepita katika makambi ya zamani ya mkonge anajua kwamba sivyo. Hapana budi basi tuitazame historia hiyo hatua kwa hatua, tuone jasho la wafanyakazi hawa lilikwenda wapi.

MICHE YA KIKOGWE

Mkonge si mmea wa kwetu. Asili yake ni Mexico, katika nchi ya Yucatán, na mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida kwa ajili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Miche iliyoondoka huko ilikuwa 1,000. Safari ilikuwa ndefu, mingi ikafa njiani, na iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika baadaye kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge.

Tuangalie mahali penyewe. Pangani ndipo wananchi wa mwambao, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walipoinuka mwaka 1888 kuipinga kampuni hiyo hiyo, na ndipo Abushiri aliponyongwa Desemba 1889. Miaka minne baadaye miche ikapandwa. Yaani shamba lilifuata bunduki. Ardhi ilipatikana kwanza kwa nguvu, na baada ya ardhi mkoloni akakabiliwa na shida ya pili: nani atalima?

Wenyeji hawakutaka. Wadigo na Wasegeju wa pwani walikuwa na minazi na uvuvi wao, Wabondei walikuwa na mashamba mazuri ya chakula, Wasambaa walikuwa na migomba yao milimani. Hawa hawakuwa watu wavivu, kama walivyoandikwa katika taarifa za kikoloni. Walikuwa na kazi, wala hawakuona sababu ya kuiacha kazi yao wakafanye ya mwingine kwa ujira usiotosha. Wenye mashamba walitapatapa hata wakaleta vibarua Wachina na Wajava kutoka Singapore mwaka 1892. Mpango huo uliwagharimu sana na haukudumu. Ndipo dola ilipoingia kuwasaidia. Kodi ya nyumba iliwekwa kwa amri ya mwaka 1897, nayo ilikusudiwa kumlazimisha mwananchi kuitafuta fedha. Iliposhindwa kuwatoa watu wa kutosha, mwaka 1907 katika Usambara ulianzishwa mpango wa kadi: kila mwanaume alipewa kadi iliyomtaka kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa katika kazi za serikali.

Hivi ndivyo ajira zilivyoanza Tanga. Maneno tunayoyatumia leo ya kuunda ajira yana sura ya ukarimu, kana kwamba kazi ni zawadi inayotoka kwa mwenye mtaji. Mwaka 1907 haikuwa hivyo. Ajira iliundwa kwa kumwondolea mtu uwezo wa kuishi bila hiyo.

UJIRA WA MTU ASIYE NA MKE

Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mashamba yaliifuata kama kunguru wafuatavyo jembe. Watu wa karibu hawakutosha, hivyo mawakala walitumwa mbali, kwanza kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na baadaye, chini ya Mwingereza, kwa Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe, hata Burundi na kwa Wamakonde wa Msumbiji. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kiliunda chombo chake cha kuwakusanya watu hao, kikaitwa SILABU. Watu walisajiliwa, wakapewa namba, wakasafirishwa kwa treni na malori. Na kutokana na hizo namba wakaitwa manamba. Mpaka leo neno hilo ukimwita mtu Tanga halimpendezi.

Kazi ya mkonge inajulikana, lakini vijana wetu wengi hawakuiona. Mkataji huingia shambani alfajiri, hukata majani yenye miiba nchani, huyafunga kwa mafungu ya majani 30, na kazi ya siku huhesabiwa kwa mafungu. Majani hupelekwa kwenye korona, mashine inayoyaponda na kutoa singa. Singa huoshwa, huanikwa juani, kazi ambayo wanawake na watoto walifanya sana, kisha hupigwa brashi na kufungwa marobota ya kwenda bandarini. Mfanyakazi alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Siku aliyougua haikuandikwa. Siku aliyoshindwa kumaliza mafungu yake haikuandikwa pia.

Hapa tunafika katika kiini cha jambo. Ujira wa manamba ulipangwa kama ujira wa mtu asiye na mke wala watoto. Ulimtosha yeye, posho yake na kodi yake, na pengine nguo na baiskeli siku ya kurudi. Lakini huyu mtu alikuwa na mke na watoto, nao waliishi Kasulu au Njombe. Nani aliwalisha? Waliwalisha wenyewe wake zao kwa jembe la mkono. Nani alimlea mtoto mpaka akawa na nguvu za kukata mkonge? Ni kijiji. Na alipozeeka au kuumia, nani alimtunza? Ni kijiji hicho hicho. Kwa hiyo Kigoma, ambayo haikupata reli ya maendeleo ila reli ya kuchukua watu, ilikuwa ikilipa ruzuku mashamba ya Tanga kila mwaka. Mkoa maskini ulikuwa ukiwatajirisha wenye hisa waliokuwa Ulaya, na katika vitabu vya hesabu ruzuku hiyo haikuandikwa mahali popote.

Linganisha na Mbondei wa Muheza. Huyu alikuwa na ardhi yake na soko mlangoni pake, kwa kuwa makambi yalihitaji chakula. Aliwauzia manamba muhogo, nazi na matunda, na alipotaka kibarua alikichukua kwa muda wake na kukiacha kwa muda wake. Hatusemi kwamba alikuwa tajiri. Tunasema alikuwa na mahali pa kusimama wakati wa kupatana. Tofauti ya hawa wawili haikuwa ajira, maana aliyekuwa nayo zaidi ni manamba.

Miaka ya 1930 ililionyesha jambo hili waziwazi. Bei ya mkonge ilianguka duniani kote. Wenye mashamba walikata mishahara, na watu waliokuja kutafuta kazi walirudishwa. Hata hivyo tani zilizosafirishwa zilizidi kuongezeka, maana kila mmoja alitafuta kufidia bei kwa wingi. Vita ikaja. Wajapani walipoiteka Filipino, Waingereza wakakosa katani ya Manila, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Bei ilipangwa na serikali ya London, na watu wakakamatwa kwa sheria kupelekwa mashambani. Bei ikishuka, mfanyakazi ndiye aliyelipa. Bei ilipopaswa kupanda, ndiye aliyelazimishwa.

KIWANDA CHA KAMBA

Liko tukio moja la miaka hiyo ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko takwimu zote za ajira. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kilijengwa Tanga kiwanda cha kusokota kamba za mkonge. Kamba zake ziliuzwa Uingereza kwa bei nafuu kuliko zilizosokotwa huko. Hilo lilitosha kuleta ghadhabu. Wenye viwanda vya kamba wa Uingereza walilalamika kwa serikali yao kwamba koloni linawanyang'anya soko, na kwamba si haki wao washindane na ujira wa Mwafrika. Ujira huo huo haukuwasumbua uliposhusha bei ya singa walizonunua! Serikali ikatishia kuweka ushuru juu ya kamba za Tanga, kiwanda kikabanwa katika bei, na mwaka 1938 kikafungwa.

Kwa macho ya mtu anayehesabu ajira tu, hasara hiyo ni ndogo: wafanyakazi wachache ukilinganisha na maelfu waliobaki wakikata majani. Lakini fikiri kilichofungwa. Kilifungwa kizazi kizima cha mafundi ambao wangejifunza kutengeneza mashine, kupima ubora, kutafuta masoko, kulipwa kwa ufundi badala ya kulipwa kwa mafungu. Kiliachwa kile chenye jasho jingi na thamani ndogo. Yucatán penyewe, ulikotoka mmea, singa kwa miaka mingi zilikwenda Marekani kusokotwa kamba za mashine za kuvunia ngano, na wakulima wa huko walibaki maskini vilevile. Mwendo ni mmoja.

Wafanyakazi wa Tanga hawakukaa kimya. Mwaka 1939 vibarua wa bandari waligoma, na mgomo ukavunjwa kwa polisi na risasi. Chama cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge kilipoundwa katika miaka ya 1950 kilikuta hasira iliyokwisha kuiva. Mwaka 1958 wafanyakazi wa Mazinde waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, jambo ambalo wenye mashamba walikuwa wakiamini haliwezekani kwa watu waliotoka makabila na mikoa mbalimbali. Viongozi wa wafanyakazi na viongozi wa TANU walikuwa bega kwa bega wakati huo. Baada ya Uhuru hawakubaki hivyo. Victor Mkello, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi aliyetokea katika chama hicho cha mkonge, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali Januari 1963. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa ni sehemu ya historia yetu, na historia inayochagua matukio haiwezi kutuongoza.

UJIRA UKIPANDA, KAZI IKIPUNGUA

Mwaka 1962 serikali changa ilipitisha kima cha chini cha mshahara, kikaanza kutumika mwaka 1963. Lilikuwa jambo la haki. Kwa mara ya kwanza ujira ulipangwa kwa kumfikiria mtu mwenye familia. Lakini wenye mashamba walijibu haraka: walidai mafungu mengi zaidi kwa siku, walileta mashine pale ilipowezekana, wakaacha kuandika watu wapya. Mwaka 1964 mavuno yalifika kilele cha tani 230,000 hivi, huku idadi ya wafanyakazi, iliyokuwa zaidi ya 100,000 mwaka 1960, ikipungua upesi. SILABU ilikwisha kupoteza maana yake. Wale waliobaki walikuwa wafanyakazi wa kudumu, wenye wake na watoto kambini, wenye mshahara mzuri kuliko wa baba zao. Na wale walioachwa walirudi makwao au wakaingia mjini.

Je, kima cha chini kilikuwa kosa? Wapo wachumi waliosema hivyo, na bado wapo. Sisi hatukubali. Ajira iliyokufa kwa sababu mfanyakazi amelipwa chakula cha watoto wake ilikuwa imejengwa juu ya njaa ya watoto hao. Hata hivyo tukiri kwamba hatukuwa na jibu kwa yule aliyeachwa. Kumwambia kwamba ajira aliyoipoteza ilikuwa ya unyonyaji hakumjazi tumbo.

Kisha likaja pigo lililotoka nje. Viwanda vya kemikali vya Ulaya na Marekani vilianza kutengeneza kamba za plastiki, na Brazili ikaongeza mkonge wake sokoni. Baada ya 1964 bei ilianguka kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka michache. Wenye mashamba waliacha kupanda upya. Mkonge hukaa kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na baada ya miaka kumi na ushei hutoa mlingoti wake na kufa. Shamba lisilopandwa leo halionyeshi ugonjwa wake mpaka mwenyewe amekwisha kuondoka. Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, taifa lilichukua sehemu kubwa ya mashamba hayo na kuunda Shirika la Mkonge. Tulirithi njia kuu ya uchumi wa Tanga wakati ilipokuwa imekwisha kuoza mizizi.

Lakini tusiwatupie wakoloni kila kitu. Tulichukua shamba, korona na makambi, tukabadili wenye mali, na kazi yenyewe ikabaki ile ile ya mafungu. Viwanda vya kusokota vilijengwa na kupanuliwa, kama vile vya Ngomeni na Amboni, na hiyo ilikuwa hatua sahihi. Lakini mkonge wa kuvilisha ulizidi kupungua. Katikati ya miaka ya 1980 taifa lilikuwa likivuna tani 30,000 hivi. Na likatokea jambo la ajabu: mashamba yalikosa wakataji wakati miji ilikuwa imejaa vijana wasio na kazi. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, watu wakaondolewa mijini na kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi kabla ya mwaka kwisha. Tulishangaa, na hatukupaswa kushangaa. Mwananchi aliyepata ardhi kijijini alikuwa amepata kile alichokuwa nacho Mbondei wa 1907, yaani uwezo wa kukataa. Naye aliukumbuka mkonge kwa jina la manamba.

Shirika la Kazi Duniani lilipoichunguza Kenya mwaka 1972 lilisema kwamba tatizo kubwa zaidi la nchi kama zetu ni wale wanaofanya kazi kutwa nzima na bado ni maskini. Tanga ingeweza kuwaambia hivyo miaka sitini kabla.

WAKULIMA WADOGO

Mashirika ya umma yalipouzwa katika miaka ya 1990, mashamba mengi ya mkonge yaliuzwa pia, na mwisho wa miaka hiyo mavuno yalikuwa yameshuka hadi kama tani 20,000. Tangu 1999, kwenye mashamba kama Hale, Magoma, Ngombezi, Mwelya na Magunga, wilayani Korogwe, ulianza mpango wa kuwagawia wakulima wadogo vipande vya ardhi ya mkonge, wakate wenyewe na kupeleka majani kwenye korona ya kampuni. Lilikuwa geuzo kubwa: kwa mara ya kwanza mkataji alikuwa na mkonge wake. Lakini korona haikuwa yake, usafiri haukuwa wake, na wakulima wakalalamika kwa miaka mingi juu ya makato, mpaka serikali ilipoingia kati mwaka 2019 na 2020 na wakulima wakasimama kwa vyama vyao vya ushirika. Serikali iliweka lengo la tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Hadi 2023 mavuno yalikuwa yamefika kama nusu ya hesabu hiyo.

Wapo wanaotutajia Brazili, ambayo imekuwa mbele yetu kwa muda mrefu kwa kutegemea wakulima wadogo. Ni kweli. Lakini mashine ndogo wanayotumia kule Bahia imewakata watu wengi vidole na mikono, na hilo pia lihesabiwe.

Siku hizi macho ya Tanga yameelekea Chongoleani, unapoishia bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kazi za ujenzi zimeajiri maelfu. Bomba likisha kukamilika huhitaji mamia ya watu kuliendesha. Kwa hiyo swali la kuuliza juu yake si idadi ya vibarua wa kuchimba mtaro. Tuulize vijana wangapi wa Tanga wametoka huko na ufundi wa kuchomelea, kupima na kuendesha mitambo, ufundi ambao hakuna mwajiri anayeweza kuuchukua anapoondoka.

Na kuhusu mkonge wenyewe, singa zinazotoka katika jani ni kama asilimia 2 hadi 5 tu ya uzito wake. Kwa zaidi ya miaka mia moja sehemu iliyobaki ilitupwa, ikachafua mito. Hale palijengwa mtambo wa kuyageuza masalia hayo kuwa gesi na umeme, ushahidi kwamba thamani tuliyokuwa tukiitupa inaweza kuvunwa. Lakini mkulima wa Korogwe hafikii huko bado. Shida yake ni ya karibu zaidi. Jani la mkonge likisha kukatwa halingoji siku nyingi. Lisipopondwa mapema singa huharibika. Korona inapokuwa moja kwa wakulima mamia, nayo ikasimama kwa kukosa kipuri, majani hulala kando ya barabara yakikauka. Wenye korona hupoteza siku moja ya kazi. Mkulima hupoteza mavuno aliyoyangoja miaka mitatu, na mkopo aliochukua kwa ajili yake hausimami.